Uji mwezi wa tatu: mama anayerudi kwenye riziki tumwambie nini?

Mhudumu_Vingunguti

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wenye utaalamu wa lishe na kliniki ya watoto.

Huku Vingunguti, Dar es Salaam, watoto wengi wanaonyonya wanaanzishiwa uji kati ya mwezi wa pili na wa nne, na wenzangu wa Manzese na Mbagala wanasema kwao ni hivyohivyo. Huanza na maji ya uvuguvugu na dawa ya mchango, kisha uji wa sembe mwepesi kabisa, ule unaoweza kupita kwenye chuchu ya chupa. Sababu zinazotajwa nyumba kwa nyumba hazibadiliki. Maziwa hayatoshi, mtoto analia usiku, mtoto anakula mikono na kutoa udenda kwa hiyo "anatamani". Na iliyo nzito kuliko zote: mama anarudi kutafuta, mtoto anabaki na bibi.

Ujumbe wa miezi 6 ya maziwa ya mama pekee kila mama anaujua, anaumalizia mwenyewe kabla hujafika mwisho wa sentensi. Lakini haumsaidii saa 11 alfajiri anapotoka kwenda kuchukua samaki Feri.

Kwa hiyo nauliza. Nitamthibitishiaje mama kwamba maziwa yanatosha bila kubishana naye? Anayekaa nje saa 10 na hana friji afanyeje? Aliyekwisha kuanza uji na mtoto ana miezi 4, anarudije nyuma? Na miezi 6 ikitimia kweli, uji gani?

---

Nesi_KlinikiYaWatoto

Mhudumu, anza na kadi ya kliniki. Neno "maziwa hayatoshi" lisijibiwe kwa mdomo kabla ya mizani.

Wiki ya kwanza mtoto hupungua uzito, na hadi asilimia 10 huwa si tatizo mradi anarudia uzito wa kuzaliwa anapofikisha wiki 2 hivi. Baada ya hapo, miezi 3 ya mwanzo anaongezeka gramu 500 hadi kilo 1 kwa mwezi. Mwezi wa 4 hadi wa 6 kasi inapungua yenyewe, na hapo ndipo wengi huona mtoto "amesimama" wakamkimbilia uji. Ukiona mstari wake bado unapanda sambamba na ule uliochapwa kwenye kadi, maziwa yanatosha, hata akilia vipi.

Uzito wenyewe upimwe sawasawa. Mizani irudishwe sifuri kila mara mfuko wa kupimia unapobadilishwa, mtoto avuliwe, nepi iondolewe. Nepi iliyolowa peke yake inakupa gramu 200 za uongo, na mwezi ujao akipimwa bila nepi utasema amepungua. Nimeona familia zinaanza uji kwa sababu ya nepi.

Kipimo cha nyumbani ni mkojo. Mtoto avalishwe kitambaa siku nzima, mchana na usiku, na mama ahesabu. Mara 6 au zaidi, mkojo mweupe usio na harufu kali, anapata maziwa ya kutosha. Chini ya hapo na ukiwa wa njano iliyokolea, kuna shida. Lakini hesabu hii haina maana kabisa kama mtoto anapewa maji au maji ya dawa, maana atakojoa vizuri huku hashibi.

Kuhusu dalili ulizotaja: kula mikono na udenda ni mambo ya mwezi wa 2 na wa 3 kwa kila mtoto, aliyeshiba na mwenye njaa. Kulia jioni, ambako mtaani kunaitwa mchango, hukolea kwenye wiki ya 6 na kwa kawaida hutulia kabla ya mwezi wa 4. Kuna siku pia, mara nyingi karibu wiki ya 3, wiki ya 6 na mwezi wa 3, mtoto ananyonya kila baada ya saa moja kwa siku mbili tatu. Hapo anaongeza oda ya maziwa. Mama akimpa uji siku hizo, oda inafutwa: titi halikunyonywa, halitengenezi. Wiki inayofuata maziwa yanapungua kweli, na bibi anaonekana alikuwa na haki.

Usiondoke bila kumwangalia akinyonyesha. Mdomo wa mtoto uwe umefunguka sana, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kimegusa titi, na weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Ukisikia anapiga mdomo na mashavu yanaingia ndani, anavuta chuchu tu, maziwa hayatoki vizuri na mama anaumia. Mtoe kwa kidole kwenye kona ya mdomo, mpakate upya tumbo kwa tumbo, kichwa na mwili vikiwa mstari mmoja. Amalize titi moja ndipo umpe la pili.

Jambo la mwisho kwa leo. Chanjo ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua mwezi wa 9. Akina mama wengi hawaonekani kliniki kati ya wiki ya 14 na mwezi wa 9, na uji unaingia ndani ya pengo hilohilo. Mtoto apimwe kila mwezi hata kama hana chanjo. Wewe uliye mtaani ndiye unayeweza kuliziba pengo hilo, sisi tunamwona tu akija.

---

AfisaLishe_TMK

Nesi kamaliza upande wa maziwa. Mimi niongelee uji wenyewe, kwa sababu mama akiambiwa uji una hatari anasikia kuhara tu, na mtoto wa jirani alikunywa hakuhara.

Chukua kikombe cha mililita 250 cha ule uji mwepesi. Ndani yake kuna kijiko kimoja kikubwa cha unga, kama gramu 10. Hiyo ni kalori 36 hivi. Maziwa ya mama yana kalori 65 hadi 70 kwa kila mililita 100. Kwa hiyo kikombe kizima cha uji kinalingana na maziwa mililita 55, chini kidogo ya robo ya kikombe hichohicho. Mtoto wa kilo 6 tumbo lake linabeba kama mililita 180 kwa mara moja. Ukimjaza uji analala, ndiyo, kwa sababu tumbo limejaa maji ya unga. Amekosa robo tatu ya chakula ambacho angekipata titini, na kinga iliyomo ndani yake.

Uoneshe hivyo kwa vikombe viwili mezani, kimoja kimejaa maji meupe na kingine robo. Bibi ataelewa haraka kuliko maneno, na bibi ndiye mwenye jiko. Ukimwelimisha mama ukamwacha bibi, umefanya kazi nusu.

Maji vilevile. Maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 85, hata kwa joto la Januari mtoto hahitaji tone la nje. Ukiona ana kiu, anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Kinachoruhusiwa kabla ya miezi 6 ni dawa aliyoandikiwa, na ORS, ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, akiharisha.

Sasa mama anayetoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi kwa mtoto mmoja, 100 kwa mapacha, na akirudi anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Siku 84 ni wiki 12. Mwezi wa tatu wa uji unatoka hapo. Saa 2 hizo wengi hawazijui, na anayeishi mbali na kazini zinamfaa zaidi akiziunganisha na muda wa kutoka, akakubaliana na mwajiri wake. Mama wa genge, wa kibarua na wa kufua nguo hana hata hiyo sheria, kwa hiyo njia yake ni kukamua.

Aanze wiki 2 kabla ya kurudi, mara moja kwa siku, alfajiri maziwa yakiwa mengi. Anawe mikono kwa sabuni. Chombo kiwe kikombe cha bati au cha kioo chenye mfuniko, kilichochemshwa. Asugue titi taratibu, kisha aweke dole gumba juu na kidole cha shahada chini, sentimita 3 hadi 4 nyuma ya chuchu. Asukume kuelekea mbavuni, ndipo abane, aachie, abane, aachie. Asivute chuchu wala asitelezeshe vidole kwenye ngozi, maana hapo ataumia na hakuna kitakachotoka. Dakika ya kwanza hutoka matone tu na wengi hukata tamaa hapo. Akae titi moja dakika 3 hadi 5, ahamie jingine, arudi, jumla dakika 20 hadi 30. Siku za mwanzo akipata mililita 30 asihesabu kwamba ameshindwa.

Kiasi: mtoto wa umri huo hutumia kama mililita 750 hadi 800 kwa siku. Mama akiwa nje saa 10, aache mililita 300 hadi 350, zigawanywe vikombe 3. Anyonyeshe dakika ya mwisho kabla ya kutoka, anyonyeshe tu anapofika kabla hata ya kuvua viatu, na usiku mtoto alale karibu anyonye kadiri atakavyo. Usiku ndipo homoni ya kutengeneza maziwa hupanda. Huko aliko akamue walau mara 2, hata kama maziwa hayo atayamwaga, titi lisijae likasahau kazi.

Bila friji, kwa joto letu, maziwa yaliyokamuliwa saa 11 alfajiri yatumike kabla ya saa 3 asubuhi. Saa 4 za kukaa, si zaidi. Ya mchana yanahitaji ubaridi: deli dogo au ndoo yenye mfuniko, barafu mbili tatu za mfuko zile zinazouzwa madukani, chombo cha maziwa kimefungwa vizuri katikati yake. Barafu ikiwa bado haijayeyuka, maziwa yanafika jioni salama. Friji ya duka la jirani nayo inafaa, weka ndani kabisa, siyo mlangoni.

Bibi asiyachemshe. Kikombe cha maziwa kiwekwe ndani ya bakuli la maji ya moto hadi yapate uvuguvugu, utandu wa mafuta uliopanda juu utikiswe taratibu urudi. Anyweshwe kwa kikombe kidogo, si kwa chupa. Mtoto akae wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike tu mdomoni, asimiminiwe. Atalamba mwenyewe. Chupa ya chuchu haisafishiki kwa maji ya dumu na sabuni ya unga, na mtoto akiizoea hunyonya titi kivivu. Yaliyobaki kikombeni baada ya saa moja yamwagwe.

---

Mfamasia_Tabata

Naheshimu yote hayo, ila tuwe wakweli kwa wasomaji wenye simu. Mama akitafuta mtandaoni atakuta madaktari wa watoto wa Ulaya wanaruhusu kuanza chakula kati ya miezi 4 na 6. Tukijifanya haipo, atatuona waongo.

Ipo. Hata hivyo wao wenyewe wanasema si kabla ya wiki 17, na kwamba kunyonya pekee hadi karibu miezi 6 ndilo lengo zuri. Halafu kile kinachoanzishwa kule ni nafaka iliyoongezwa madini ya chuma, nyama iliyosagwa, maji ya bomba yanayonyweka moja kwa moja. Hapa tunazungumzia sembe na maji ya kisima mwezi wa tatu. Ni vitu viwili tofauti. Na mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake ana akiba ya chuma inayomfikisha karibu miezi 6, uji wa mahindi haumwongezei kitu. Kinyume chake, nafaka ina viambato vinavyokamata hata kile chuma kidogo kilichomo kwenye maziwa.

Mawili mengine yanayopita dirishani kwangu kila wiki.

La kwanza, kopo la maziwa ya unga. Mtoto wa miezi 3 anatumia kama gramu 110 za unga kwa siku, kwa hiyo kopo la gramu 400 haliishi siku 4. Miezi 6 yote inataka karibu kilo 20. Familia inayonunua kopo moja kwa mshahara wa wiki lazima itapunguza vijiko ili lifike, na maziwa yaliyozimuliwa yanamdumaza mtoto huku kila mtu akiamini anakunywa "maziwa ya kopo". Kabla hujauza la kwanza, mpigie mama hesabu ya la hamsini. Maziwa ya ng'ombe mabichi au ya kuchemsha kabla ya miezi 6 hapana, na asali hapana hadi mwaka mmoja utimie.

La pili, mimba. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98 mradi mambo matatu yatimie pamoja: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya pekee usiku na mchana. Siku uji unapoingia, kinga hiyo imevunjika na mama hana habari. Ukimkuta ameanza uji, muulize na uzazi wa mpango papo hapo.

---

Mhudumu_Vingunguti

Asanteni sana, hesabu ya vikombe viwili naanza nayo Jumatatu. Bado swali la aliyekwisha kuanza. Na mama anayeishi na VVU, kuna tofauti?

---

Nesi_KlinikiYaWatoto

Aliyekwisha kuanza inategemea ni kiasi gani. Kama ni vijiko vichache mara moja kwa siku, asimamishe leo, anyonyeshe mara 10 hadi 12 kwa saa 24 na aondoe chupa machoni. Kama mtoto amezoea vikombe 2 au 3 vya uji, maziwa ya mama yameshapungua, ukikata ghafla atakaa na njaa. Titi litangulie kila mlo, uji ufuate kidogo kwa kikombe, na kila baada ya siku 2 au 3 ondoa mlo mmoja. Ndani ya wiki moja na nusu wengi wanakuwa wamerudi. Pima uzito kila wiki wakati huo. Siku mbili za kwanza mtoto atalia, mwambie mama mapema ili asishtuke.

Uzito ukishuka au ukisimama kweli kabla ya miezi 6, dawa yake ni hospitali, siyo uji. Huenda ana maambukizi, ana tatizo la moyo, ana kinywa chenye shida, au mama mwenyewe anaumwa. Akikataa titi, akiwa na homa, akitapika kila kitu, macho yameingia ndani au kinyesi kina damu, usisubiri asubuhi.

Mama mwenye VVU: anameza dawa zake kila siku, mtoto anapewa dawa ya kinga kama alivyoandikiwa, na ananyonya maziwa pekee hadi miezi 6, kisha anaendelea kunyonya pamoja na chakula. Kwake kuchanganya mapema kunauma zaidi. Kabla ya dawa kupatikana kwa wengi, utafiti wa Durban uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa watoto waliochanganyiwa waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya pekee. Lakini akiteleza akampa uji, asiambiwe aache kunyonyesha wala asiogopeshwe akaacha kliniki. Arudi kwenye maziwa pekee, asikose dozi, mtoto apimwe kwa tarehe zake.

---

AfisaLishe_TMK

Miezi 6 ikitimia, kosa linageuka. Yule aliyesubiri vizuri anaendelea na uji uleule mwepesi hadi mwaka. Sasa mtoto anahitaji kama kalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, juu ya maziwa, na chuma ambacho maziwa hayana tena ya kutosha.

Aanze vijiko vikubwa 2 au 3, mara 2 kwa siku, apande hadi nusu kikombe mara 2 au 3. Uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko ukikiinamisha. Nusu kikombe cha namna hiyo kina gramu 25 za unga, karibu kalori 90. Ongeza kijiko cha chai cha mafuta au tui zito la nazi, na kijiko cha karanga zilizosagwa. Siku nyingine viazi vitamu au boga lililopondwa na mchicha, kiini na ute wa yai vilivyoiva, ini la kuku lililosagwa. Dagaa wachambuliwe mchanga, waoshwe, wakaangwe bila mafuta, wasagwe wawe unga. Kijiko kimoja cha chai kwenye kila bakuli. Yai na samaki visingoje mwaka, hiyo ni imani ya zamani.

Unga wa lishe wenye nafaka saba, soya, karanga na dagaa vyote vimesagwa pamoja siungi mkono. Karanga zikishasagwa huchacha haraka, na karanga au mahindi yenye ukungu yana sumukuvu isiyokufa kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Soya mbichi huzuia usagaji wa protini tumboni, lazima ichemshwe kwanza, imenywe na ikaushwe. Nafaka moja au mbili, sehemu 4 kwa sehemu 1 ya kunde, unga wa wiki 2 tu, na karanga zisagwe pembeni ziingie wakati wa kupika.

---

Mhudumu_Vingunguti

Uji mzito mtoto wa miezi 6 anautema. Ndiyo maana wanauzimua maji.

---

AfisaLishe_TMK

Hapo ndipo kimea kinafanya kazi. Ulezi kilo moja uchambuliwe, ulowekwe usiku mmoja, uchujwe, utandazwe juu ya kitambaa safi chenye unyevu na kufunikwa. Unyunyizie maji asubuhi na jioni. Baada ya siku 2 hadi 3 una machipukizi. Ukiona ukungu au harufu ya uchachu, tupa wote, usichague. Uanike juani ukauke kabisa, upukuchue machipukizi, usage, uweke kwenye chupa kavu.

Pika uji mzito kama ugali mlaini, uepue, uuache upoe hadi kidole kivumilie. Koroga kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe. Ndani ya dakika chache utauona unalegea mbele ya macho yako, unamiminika kama uji wa kawaida, na unga wote bado umo. Ukikitia jikoni ukichemka, joto linaua kile kinacholainisha na hautabadilika. Ukishalegea, urudishe motoni uchemke dakika moja kuua vijidudu vya kimea kibichi, halafu upoze, umpe.

Mtama pia unafaa, ila machipukizi yake yana sumu ya sianidi. Ukitumia mtama, kuyapukuchua yote ni lazima. Kwa nyumba yenye shughuli nyingi, bora ulezi.